Siku Tisa za Hamadi

Mwili uliofunga hausemi uongo, ila husema polepole, na husema na mkono tu. Basi nyinyi mnaotaka kuirithi kazi hii ya kuchua wanamichezo, kabla hamjashika mafuta, lishikeni neno hili. Ukimwekea kidole gumba mtu aliyefunga, nyuma ya goti, baada ya sala ya adhuhuri, utakuta joto limehama. Limetoka nyayoni na vidoleni, limepanda, limekaa kifuani na kichwani kama watu waliokimbilia darini maji yalipoingia nyumbani. Hayo si maradhi. Ni mwili unaojiwekea akiba. Ikiwa nyayo zimepoa na jasho lingalipo, mwache akimbie kidogo. Ikiwa nyayo zimepoa na jasho limekatika, mlaze chini, hata akikutukania mama yako.

Mimi ni Faki, wa Makangale. Skuli sikuingia hata siku moja. Anayeandika haya ni mjukuu wangu Zuwena, na nimemkataza kupamba. Nimechua miguu ya wachezaji mpira, waendesha baiskeli na wakimbiaji kwa muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya miguu hiyo sasa ni ya mababu. Mwaka huu mikono imeanza kutetemeka, na mkono unaotetemeka haufai kumgusa mtu anayekuamini. Ndiyo maana nasema.

Aliyenifunza ni Mzee Mbwana, Mungu amrehemu, mtu mfupi, mkali, asiyependa maswali. Hakunipa mguu wa mtu kwa muda wa mwaka mzima. Alichukua punje moja ya karafuu kavu, akaiweka juu ya jamvi, akaifunika kwa guo lililokunjwa mara nne, akaniambia niiguse kwa kidole na nimwambie kichwa cha karafuu kimeelekea wapi. Nikikosea, hunipiga ukosi. Nikipatia, hunipiga pia, ili nisivimbe kichwa. Ilipofika siku niliyopatia mara kumi mfululizo, akasema, "Sasa mkono wako una macho. Ulimi wako uufunge."

Maneno hayo ya ulimi alikuwa na maana nayo. Kanuni yake kubwa ilikuwa hii: mfungaji haulizwi. Katika kisiwa chetu, kumuuliza mtu mzima mwezi wa Ramadhani kama amefunga ni kumtia katika mlango wa matusi. Ama umemshuku, ama umemlazimisha kusema uongo. Na kumuuliza nje ya Ramadhani ni kumvua ibada yake nguo, kwa sababu saumu ya sunna hupendeza ikisitirika. Mchuaji atajua kwa kidole, atafanya kinachofaa, atanyamaza. Niliishika kanuni hiyo kama ninavyoshika udhu. Mtaona ilinifikisha wapi.

Msidhani lakini kwamba kazi hii ni ya huzuni tu. Ramadhani moja, nikiwa bado mgeni wa mafuta, nilimpaka mchezaji mmoja wa mpira mafuta ya makonyo, vile vijiti vya karafuu, makali, kabla ya mazoezi ya alasiri. Sikujua kwamba asubuhi yake alikuwa amekata kuni na miba imemchana mapaja. Mafuta yakatiririka, yakafika pasipostahiki kutajwa. Kijana alikimbia uwanja mizunguko mitano bila ya kuagizwa, kisha akaenda kuketi katika dimbwi la maji ya mvua mpaka kiunoni. Wenzake wakamzunguka, si kwa kumhurumia, bali kwa kujadiliana kama saumu yake imebatilika.

"Maji yameingia ndani, saumu hakuna," alisema mmoja.

"Hayajaingia!" alipiga kelele yule dimbwini. "Wallahi hayajaingia, yakhe, nimekaza!"

Mwalimu wa timu alinivuta kando akaniuliza kwa siri mafuta yale yanapatikana wapi, kwa kuwa hajawahi kumwona mshambuliaji wake akikimbia vile.

Zamani zile timu zote zililala mwezi mzima. Wachezaji walifuturu majimbi, shelisheli na mikate ya kumimina, wakalala, wakaamka wakala daku, wakalala tena. Sikukuu ikifika walitoka uwanjani kama mapipa yaliyovishwa jezi. Siku hizi mambo yamekuwa ya maarifa, nami sioni haya kusema kwamba nimejifunza kwa walio wadogo kuliko wanangu. Mwalimu wetu wa mbio sasa ni kijana aitwaye Suleiman, mwenye saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo. Yeye huwakimbiza wepesi saa moja kabla ya magharibi, ili atakayechoka awe karibu na maji yake. Anawataka wacheleweshe daku, wale kitu kinachokaa tumboni, uji wa mtama, ndizi na tende, wasijaze pilau inayowakausha. Na anawakataza kubugia mtungi mzima adhana inapolia. Maji hunywewa kidogo kidogo, futari mpaka daku, kama shamba linavyonyeshewa na mvua ya rasharasha. Mtu mwenye afya akiyafuata hayo, Ramadhani haimuui na wala haimwondolei mbio zake. Itampunguzia kidogo kasi ya mwisho, basi. Nimeyaona kwa miguu mingi.

Aliyeniharibikia mkononi hakuharibiwa na Ramadhani. Aliharibiwa na mimi.

Jirani yangu Bi Mize ni mjane anayesuka ukili. Alikuwa na wana wawili wa kiume, wote wakimbiaji. Mkubwa, Hamadi, alikuwa na fundo katika mguu wa kushoto: vidole vinne chini ya kunjo la goti, upande wa nje, dogo, gumu, lenye pembe, kama kichwa cha karafuu kilichosahauliwa chini ya ngozi. Nililichua miaka mitatu. Lililegea, halikutoka. Kwa sababu yake mguu wa kushoto ulitua kabla kidogo ya wakati wake, na wa kulia ukaja nyuma ukikwaruza. Ningeweza kumtambua Hamadi akipita nyuma ya ukuta.

Mwaka alioteuliwa kwenda kushindana Unguja, mashindano yaliangukia mwisho wa Ramadhani. Nilimwona anapungua. Nilimwogopea, au nilijiogopea mimi, maana nilikuwa nimejisifu kwa watu kwamba miguu ile ni kazi ya mikono yangu. Siku sita kabla ya safari nilimwita jikoni kwangu, uwani, saa sita za mchana, nikafunga mlango, nikamwekea muhogo wa nazi na samaki.

"Mzee Faki, mimi nimefunga," alisema.

"Kula. Utalipa."

"Mama akijua?"

"Atajuaje? Kula, mwanangu. Mungu ni mwenye kusamehe, na wale wa Unguja hawasamehe."

Alikula amegeukia ukutani. Siku sita alikula hivyo, hakuna hata siku moja aliyonigeuzia uso, nami nilisimama mlangoni nikimsikia akitafuna. Tatu nyingine alikula safarini, na hizo sharia inamruhusu msafiri. Zile sita zilikuwa kwa fat'wa yangu, mtu nisiyejua elimu ya dini zaidi ya sala zangu.

Alirudi na medali. Akataka kulipa siku zake tisa, nikamwambia asubiri mbio za Mfunguo Tatu, mwezi wa Hija, zipite. Zikapita, nikamwambia asubiri tena. Mwezi wa Rajabu homa ikamshika, na siku ya tano akafa, hajalipa hata moja.

Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Nilipofika mguu wa kushoto, kidole kilikwenda chenyewe mahali pake, vidole vinne chini ya goti, upande wa nje. Hapakuwa na kitu. Mguu ulikuwa laini kama wa mtoto. Nilijiambia kwamba mauti hulegeza kila kitu, nikaendelea kumwagia maji. Lakini nilijiuliza, na swali lile sikulipenda: kitu kilichokataa kutoka kwa miaka mitatu, kimetoka lini, na kimekwenda wapi?

Nilipata jibu mwezi wa Mfunguo Mosi, unaofuata Ramadhani.

Ramadhani ilikuwa imepita salama, na Shaame, mdogo wake Hamadi, alikuwa katika hali njema kuliko wenziwe wote. Zilipokwisha siku nne za sikukuu, Suleiman aliwarejesha barabarani saa nne za asubuhi, juani, kwa kuwa mashindano ya vijana, ya kutoka Makangale mpaka Konde kupitia msitu wa Ngezi, yalikuwa siku ya kumi tangu hapo na yangekimbiwa saa hizo hizo. Hakuna aliyekuwa akiangalia nani amekula na nani hakula. Mwezi wa Ramadhani watu wote hukutazama. Ukitoka, hakuna anayekutazama. Kumbukeni hilo. Hatari ya mkimbiaji aliyefunga haimo sana katika mwezi ambao kijiji kizima kimepunguza mwendo kwa ajili yake. Imo katika siku za baada yake, anapofunga peke yake na kukimbia kama walioshiba.

Siku ya pili ya mazoezi nilimlaza Shaame kifudifudi, nikaanza na nyayo. Zilikuwa za baridi, baridi ya mtungi, na nje jua lilikuwa linapasua vichwa. Nikamfinya ngozi ya mgongo wa kiganja nikaiachia. Haikurudi, ilisimama kama hema. Nikapanda na mguu wa kushoto. Vidole vinne chini ya goti, upande wa nje, kidole changu kikapiga kichwa cha karafuu.

Niliondoa mkono kama niliyegusa kaa la moto. Shaame hakuwahi kuwa na fundo. Miguu yake niliijua tangu alipokuwa wa kubebwa. Nikarudisha kidole. Lilikuwa lile lile, pembe zake nne, na kichwa kimeelekea kisigino, kama kilivyoelekea daima.

"Mbona umenyamaza, Mzee?" aliuliza, uso ndani ya jamvi.

"Nyamaza na wewe," nilimjibu.

Mtu wa mjini ataniambia kwamba msuli uliokauka hujifunga mafundo, na kwamba ndugu wa tumbo moja hufanana maungo. Nimeyafikiria hayo. Huenda ni kweli.

Siku ya tatu nilijipa kazi ya kugawa maji. Nilisimama ndani ya msitu, kwenye kona ambapo miti hukutana juu ya barabara na mchana huwa wa kijani. Popo wakubwa walikuwa wamening'inia matawini, wamejifunika mbawa, kimya. Wakimbiaji walipita, wakanywa, wakapita. Kisha nikasikia watu wawili wanakuja bega kwa bega. Mmoja mwendo wake ulikuwa sawa. Wa pili mguu wa kushoto ulitua kabla ya wakati wake, na wa kulia ukaja nyuma ukikwaruza.

Aliyetokea konani alikuwa Shaame, peke yake.

Alichukua kikombe, akasukutua, akatema. Hakumeza. Wala hakuwa na tone la jasho. Alipoondoka nilisikiliza mpaka miguu ikapotea, na ilipotea ingali ya watu wawili. Basi nilijua mambo mawili: kwamba kijana amefunga, na kwamba hakuwa peke yake. Na kwa kuwa mfungaji haulizwi, nilikwenda zangu nyumbani.

Siku ya nne Suleiman aliniita. Shaame alikuwa amelala kivulini, ubavuni mwa skuli, amepumzika muda wa kutosha mtu kumaliza kahawa. Suleiman alimvisha ile saa yake, akanionesha.

"Saa hii imeharibika, Mzee Faki. Inasema huyu bado anakimbia."

Mimi namba sijui. Niliweka vidole shingoni mwa kijana. Saa ilikuwa nzima. Moyo ulikuwa unakimbia, na mwenyewe alikuwa amefumba macho, ametulia, kama mtu anayemsikiliza mwenzake. Hata hapo sikuuliza. Zuwena ameniuliza sasa hivi kwa nini, nami sina jibu la kumpa isipokuwa kwamba nilijua nikiuliza nitajibiwa.

Siku ya tano Shaame alipita mstari wa kumalizia, akaendelea kukimbia. Tulimwita, hakusikia. Alikwenda mpaka kwenye ukuta wa skuli, akasimama uso kwa uso na ukuta, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hii ya leo ikishuka, zitabaki nne." Kisha magoti yakakatika.

Tulimbeba kivulini. Midomo ilikuwa imepasuka, ngozi kavu na moto kifuani, baridi miguuni. Nikapiga magoti, nikaivunja kanuni ya Mzee Mbwana kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

"Shaame, umefunga?"

Suleiman alitaka kucheka. "Ramadhani imekwisha, Mzee. Huyu sikukuu alikula pilau kuliko sote."

Kijana alifungua macho. "Mfungaji haulizwi, Mzee Faki. Wewe ndiye uliyetufunza."

"Nauliza."

"Nimefunga."

"Ni zile sita za sunna, za Mfunguo Mosi?"

"Si zile."

"Basi unamfungia nani?"

Aliniangalia. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Namfungia yule uliyemlisha," alisema.

Hamadi alikuwa amemwambia kitandani, siku ya mwisho, na kumwomba mama asijue. Ndiyo maana mtoto huyu hakuweza kula daku wala kukataa chakula cha mchana mbele ya mama yake. Alikuwa akichukua sahani yake, anatoka nayo nje, anawapa mbuzi. Kwa futari alikuwa akila tende tatu na alichokipata chunguni, kimya kimya, kisha hula tena chakula cha usiku kama mtu asiye na njaa. Mwili haukai kwa hesabu hiyo, tena wa mtu anayekimbia juani.

Nikatia maji kikombeni nikamsogezea. Nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba aliyefika pale haifai tena kumwacha afunge. Nafsi ina haki yake. Lakini yeye alikitazama kikombe, kisha akautazama mkono wangu.

"Mkono ule ule, Mzee?"

Nikakiweka kikombe chini. Nilikuwa nimemlisha mmoja kwa pupa, na sasa mkono wangu haukuwa na haki ya kumnywesha wa pili kwa uhai. Nikamwambia Suleiman amwagie maji kichwani na kifuani, maana hayo hayabatilishi, na asiache. Nikaenda kwa Bi Mize. Nilikuwa sijakimbia tangu utu uzima. Siku ile nilikimbia.

Alikuwa barazani, anasuka. Nilisema hodi na maneno yangu kwa pumzi moja. "Bi Mize, Hamadi alikula Ramadhani. Kwangu, kwa neno langu. Siku tisa, na hakulipa. Shaame anamlipia kwa siri. Amelipa nne, na hii ya tano inamuua."

Hakuinua kichwa. Alisuka mpaka mwisho wa ukili ule, akaukaza, akauweka chini. "Mbuzi wangu wamenenepa tangu juzi," alisema. "Nikadhani ni baraka za sikukuu." Akateka maji ya mtungini kwa kata, akatoka nayo, na njia nzima halikumwagika tone.

Alimwinua mwanawe kichwa, akamwekea kata mdomoni.

"Kunywa."

"Mama, zimebaki tano na hii."

"Hesabu naijua. Kunywa. Ndugu yako alikuomba umlipie. Hakukuomba umfuate."

Kijana akanywa. Nilimtazama koo likipanda na kushuka, nami nikawa kama ninayesomewa hukumu. Bi Mize akageuka. Tangu tumejuana hajaniita jina tupu. Siku ile aliniita.

"Na wewe, Faki. Tano hizo ni zako. Mimi ndiye mama yake, nakupa idhini. Ukifa, hatukulipii."

Alasiri nilikwenda kwa Sheikh wa msikiti wetu nikamweleza yote. Alisema idhini ya jamaa wa maiti inatosha, na kwamba kwa zile sita nilizomlisha nina toba yangu mwenyewe, hiyo hakuna wa kunichukulia.

Nilianza kesho yake. Kwa umri wangu kufunga si kitu kigeni. Ugeni ulikuwa nyumbani. Siku ya kwanza, saa sita za mchana, nilikuwa nimeketi uwani, na mlango wa jiko umefungwa. Ndani palikuwa na mtu anakula. Alikuwa anatafuna polepole, na sauti ilikuwa na kizuizi, kama ya mtu aliyeuelekea ukuta. Nilifungua. Jiko lilikuwa tupu, jivu baridi. Nilifunga, nikaketi, akaendelea. Siku ya pili alikula kidogo. Ya tatu nilisikia sahani ikisogezwa tu. Ya nne nilikaa mchana kutwa masikio wazi, na sikusikia kitu ila kuku wa jirani.

Ya tano ilikuwa siku ya mashindano. Shaame alikuwa amekula na kunywa siku tano, na Suleiman alimpima asubuhi akaridhika. Mimi nilikwenda kusimama pale pale msituni, midomo mikavu, kikombe cha maji mkononi ambacho si changu.

Watatu wa mbele walipita. Kisha nikawasikia: mmoja mwendo wa sawa, na wa pili kushoto mapema, kulia ukikwaruza. Shaame alitokea anang'aa kwa jasho kutoka utosini, na katika kazi yangu yote sijapata kukipenda kitu kama nilivyolipenda jasho lile. Akachukua kikombe, akameza, akanitazama, akapita. Hatua zile nyingine zilikuja nyuma yake. Zilipita mbele yangu, karibu kiasi cha kuhisi upepo wake kwenye kanzu. Juu, popo walianza kufunua mbawa mmoja baada ya mwingine, kwa mstari, wakifuata barabara, kama mtu anayepita akigusa matawi kwa mkono. Mstari ule ukafika konani, ukasimama. Zaidi ya kona nilisikia miguu ya mtu mmoja tu, ya mwendo wa sawa, inakwenda Konde.

Shaame alikuwa wa nne. Hakuna medali kwa wa nne.

Waliporudi nilimlaza kifudifudi. Nyayo zilikuwa na joto. Nikapanda na mguu wa kushoto, nikatafuta vidole vinne chini ya goti, nikatafuta juu yake, nikatafuta chini yake, kama mtu aliyedondosha pete mchangani. Na nitawaambieni ukweli, ijapokuwa si heshima yangu: nilipolikosa, sikufurahi. Mikono yangu ilikuwa imemjua Hamadi kuliko nilivyomjua kwa macho, na hapo ndipo ilipoagana naye.

"Lipo, Mzee?" aliuliza Shaame. Kumbe muda wote alijua.

"Halipo."

"Basi kafika," alisema, akajifunika uso kwa fulana.

Magharibi Bi Mize aliniletea futari mwenyewe. Ilikuwa muhogo wa nazi na samaki. Aliniwekea sahani jikoni kwangu, uwani, akaondoka akiuacha mlango wazi. Nilikula nimeuelekea mlango.

Basi, nyinyi mtakaoshika kazi hii, yote aliyonifunza Mzee Mbwana nawakabidhini: mafuta, kidole, karafuu chini ya guo. Ile kanuni yake ya ulimi siwapi. Ulizeni. Mtu akichukia, achukie akiwa hai. Mimi sasa, kila mguu unaoletwa kwangu, kabla ya kufungua chupa, nauliza: umefunga? Na akiitika, nauliza la pili: unamfungia nani?

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kiuyu alinicheka. "Mzee, mtu si hujifungia mwenyewe? Kuna mwengine tena?"

Nilimlaza kifudifudi, nikashika mguu wa kushoto, vidole vinne chini ya goti, upande wa nje, nikalitafuta fundo kwanza.